TAHADHARI: Kuna “daktari” Dar anapima kwa damu ya kidole eti kama malengelenge yako yamekuwa sugu, hayasikii dawa. Ni tapeli!

Jamani, nina hasira mpaka mikono inatetemeka. Na aibu ninayo, lakini nikinyamaza ataendelea kula watu. Naumwa malengelenge ya sehemu za siri, hepesi, yanayoletwa na kirusi. Malengelenge yalirudi tena, na vidonge vya asaiklovia, dawa ya kukituliza kirusi hicho, nilivyouziwa duka la dawa havikunisaidia kitu. Ndipo nikaelekezwa kwa huyu bwana, upande wa Mbagala.

Chumba kisafi, koti jeupe limenyooshwa, mafaili yamepangwa mezani, ukutani picha kubwa ya uti wa mgongo. “Karibu dada yangu, usione haya, hapa tumezoea.” Tangu nianze kuumwa sikuwahi kuambiwa nisione haya. Akavaa glavu, akanichoma kidole, akadondosha damu kwenye kile kipimo cha plastiki, akaongeza matone ya maji yake. Tukangoja. Ukatokea mstari mmoja, kisha wa pili. Akakipeleka dirishani penye mwanga, akakitazama weee, akatikisa kichwa. “Mstari huu ni kirusi. Huu wa pili ni usugu. Asaiklovia kwako ndiyo basi tena.” Nililia pale pale. Akanisogezea tishu, akaniacha nilie mpaka nikamaliza.

Mtaniuliza kwa nini nilimwamini. Nilimwamini kwa sababu maelezo yake yalikuwa ya kweli! Alinichorea kwenye karatasi: asaiklovia ukiimeza inaingia imelala, na kinachoiamsha ni kimeng’enya, yaani protini inayofanya kazi maalumu, cha kirusi chenyewe. Kirusi kikibadilika kikakipoteza kimeng’enya hicho, dawa inabaki imelala, na hata valasaiklovia, dawa ndugu yake, haisaidii kwa sababu inategemea njia hiyo hiyo. Baadaye nilimuuliza daktari wa ngozi, tena daktari kweli, akasema hivyo ndivyo usugu mwingi wa hepesi unavyotokea. Sasa mtu akikueleza hivyo kwa utulivu, amevaa koti, utamshuku kwa lipi?

Yule tapeli akatoa chupa ya vidonge, imeandikwa foskaneti. Laki tatu na nusu. Nikamtumia kwa simu nikiwa nimekaa mbele yake. Akaniamuru niache asaiklovia kabisa. Vidonda vikachachamaa hadi nikashindwa kukaa.

Foskaneti ipo, ni dawa ya kweli ya kirusi sugu. Lakini inapitishwa kwenye mshipa, hospitalini, huku figo zikipimwa mara kwa mara kwa sababu inaweza kuziharibu. Vidonge vyake havipo! Yule mshenzi alijua jina la dawa ambayo mgonjwa wa kawaida hawezi kuijua, akalibandika kwenye chupa ya sijui unga gani.

Na alichoficha ndicho kikubwa. Kwa mtu mwenye kinga nzuri usugu huu ni nadra sana, kwenye wagonjwa mia hapatikani hata mmoja. Wanaoupata zaidi ni wenye kinga iliyoshuka sana, kama waliopandikizwa uboho au wenye VVU ambavyo havijadhibitiwa. Ugonjwa kurudi si usugu. Kirusi kinajificha kwenye neva karibu na uti wa mgongo, na kikilala huko dawa haikigusi, kwa hiyo kinaweza kumrudia yeyote. Yule daktari wa ngozi aliangalia pakiti yangu ya dukani akasema nilipewa vidonge vichache mno. Akaniandikia miligramu 400 mara tatu kwa siku kwa siku tano, na akasisitiza nianze mara tu ninaposikia mwasho na kuchoma, nisingoje malengelenge yapasuke. Asaiklovia ile ile “iliyokufa” ikanituliza.

Dalili za kumjua: anapima usugu kwa damu ya kidole. Usugu unapimwa kwa majimaji ya kidonda, kwenye maabara kubwa, na majibu hayatoki ukiwa umekaa kwenye kiti. Hatoi risiti. Anakuachisha dawa uliyopewa hospitali. Anaahidi kuking’oa kirusi mwilini, na dawa ya kukiondoa kabisa haijapatikana popote duniani.

Huyu afungwe! Kurudisha hela hakutoshi, afungwe! Siku ile kwenye benchi palikuwa na dada mjamzito, tumbo kubwa, alitoka na chupa kama yangu. Mama akijifungua akiwa na vidonda, mtoto anaweza kuambukizwa na akafa, ndiyo maana wajawazito wenye tatizo hili huanzishiwa asaiklovia kuanzia wiki ya 36. Na yeye kaambiwa aache! Dada, kama unasoma hapa, usimeze ile kitu, nenda kliniki leo hii na useme ukweli wote.

Chupa yangu na ujumbe wa malipo ninavyo, navipeleka TMDA, mamlaka ya dawa ya Tanzania, na polisi. Na wewe uliyeuziwa usitupe chupa, niandikie inboksi twende pamoja. Jina lako silitaji kwa mtu.