Nimempeleka mdogo wangu kwa wakili wa mikataba ya mpira hapa Arusha, nyota 4 kati ya 5

Humu ndani tunasifiana tu nyama choma za Kwa Mrombo na saluni za Njiro, mi leo naleta kitu kingine kabisa, ofisi ya wakili anayesoma mikataba ya wachezaji mpira. Naandika kama dada mtu, sio mchambuzi, mi nauza njumu za mtumba pale Kilombero na mpira nilikuwa naujua kwa upande wa namba 41 na 42 tu.

Jina la ofisi siliweki, sio roho mbaya, wakili mwenyewe alisema mawakili wana masharti yao ya kujitangaza hivo tusimtafutie kesi. Ni mjini kati, dakika chache kwa mguu kutoka uwanja wa Sheikh Amri Abeid, ukiwauliza wale wauza jezi wa pale nje watakunyooshea kidole. Ghorofa ya 4. Ngazi nitazirudia.

Nianze na kilichotupeleka. Mdogo wangu ni beki wa kushoto, ana miaka 23, mkataba wake wa kwanza alisaini juu ya boneti ya Noah nje ya baa saa 3 usiku, na ninavyomjua alikuwa na njaa. Klabu siitaji, sio ya hapa Chuga. Walimwahidi pesa ya usajili milioni 6, wakampa 2 mkononi na jezi ya kupigia picha, zile 4 mpaka leo zipo njiani. Mshahara laki 5 kwa mwezi, ukaingia miezi miwili, baada ya hapo ikawa vumilia kidogo mwenyekiti yupo safari, vumilia mechi ya Jumapili tukishinda kuna kitu, yani kijana anacheza dakika 90 afu ananipigia mimi nimtumie ya nauli. Mwezi wa sita goti likaachia mazoezini. Wakasema tibiwa utuletee risiti tutarudisha. Tukashuka Moshi mpaka hospitali ya KCMC, vipimo, magongo, mazoezi ya viungo kila wiki, na hela ilitoka kwenye belo zangu mbili za njumu ambazo nilikuwa nimeshazilipia nusu. Risiti ninazo mpaka leo, nimezitunza kwenye mfuko wa rambo wa enzi zile kabla haijapigwa marufuku. Barua ya kuachwa waliituma Whatsapp, tena picha yenyewe imekatwa chini, saini haionekani.

Sasa msimu huu goti limepona akapata timu nyingine, kaja nyumbani na makaratasi matano anacheka mpaka jino la mwisho, "dada, usajili milioni 8!" Nikamwambia weka hiyo kalamu chini, kesho unavaa viatu tunaenda mahali.

Tukapanda kifodi mpaka mjini, tukapanda ngazi, tukakuta benchi la watu wanne na dada wa mapokezi anayeongea na simu kama vile sisi ni mapazia. Tumesubiri saa nzima na dakika 20 na tulikuwa tumepiga kabla, hiyo naihesabu kama kasoro. Bei ilikuwa elfu 60 kusoma mkataba na kukuandikia maoni ya kwenda nayo kwenye klabu, ukitaka aende kukaa na viongozi mezani ni bei nyingine mnaelewana. Risiti ya EFD nimepewa bila kuomba, jamani nani siku hizi anakupa risiti bila kuomba.

Mzee mwenyewe wa makamo, miwani puani. Tukamwamkia, shikamoo msomi, marahaba wanangu kaeni. Mdogo wangu akaanza kwa mbwembwe, milioni 8 na nini na nini. Mzee akamkata, "kijana wangu, kila anayepanda hapa ananitajia shilingi ngapi, mimi nauliza tarehe ngapi." Tukatafuta tarehe kwenye makaratasi matano. Hamna! Kumeandikwa mchezaji atalipwa kila mwezi kadri fedha za klabu zitakavyopatikana. Akaizungushia kalamu nyekundu.

Hapo ndo nikaelewa tulivyoliwa mara ya kwanza, na nieleze vizuri maana watu wengi wa mpira hawalijui hili. Kanuni za FIFA tangu 2018 zinasema klabu ikishindwa kukulipa angalau mishahara ya miezi 2 kwa tarehe zake, unaiandikia barua kwamba nawadai, unaipa siku 15, zikipita hujalipwa una sababu halali ya kuvunja mkataba na kuondoka. Sasa kama mkataba hauna tarehe, hiyo miezi 2 unaanza kuihesabu wapi? Watakwambia bado hatujachelewa, fedha hazijapatikana. Mdogo wangu alikaa miezi minne hajalipwa na hakuandika barua hata moja, alikuwa anatuma voisi noti, tena nyingine za kubembeleza.

Kipengele kingine kilisema klabu ikichelewesha mshahara ina siku 90 za kujipanga. Mzee akacheka, akasema FIFA hawautambui muda wa nyongeza wa namna hiyo, labda uwe umekubaliwa kwenye mkataba wa pamoja na chama cha wachezaji, na mtu akiweka mtego uliokatazwa waziwazi ujue anakupima kama unasoma. Kuna na kile cha mkataba utaanza kufanya kazi baada ya kufaulu vipimo vya afya, nacho hakifai, kanuni inataka wakupime kwanza ndo msaini, sio usaini leo kesho waseme goti lina historia. Mdogo wangu akajishika goti.

Ila kilichonipandisha presha ni cha kuumia, eti mchezaji akikaa nje zaidi ya wiki 6 kwa majeraha mshahara unasimama mpaka arudi uwanjani. Yani umeumia ukiwa kazini kwao, kwenye kiwanja chao chenye mashimo, afu adhabu upewe wewe. Mzee akatusomesha kidogo, kasema mchezaji mwenye mkataba wa ajira ni mfanyakazi kama dereva wa basi, mwajiri anatakiwa awe amejisajili WCF, ule mfuko wa fidia kwa wafanyakazi, mchango anatoa mwajiri peke yake bila kumkata mtu hata mia, na ukiumia kazini mfuko ndo unaohangaika na matibabu na fidia. Nikamuuliza na zile belo zangu mbili je? Akanyamaza kidogo akasema mama, za zamani kazi kweli. Migogoro ya kuachishwa kazi inapelekwa CMA, ile tume ya usuluhishi wa mambo ya kazi, ndani ya siku 30, madai mengine siku 60, sisi tulikuwa tumeshapitisha mwaka tunasubiri huruma ya mwenyekiti. Kuna njia ya kuomba kuongezewa muda ukiwa na sababu ya maana, ila hakutuahidi kitu na nilipenda hilo, hakutaka kula hela yetu kwa kesi anayoiona haina miguu. Kwa mchezaji wa ndani kuna na ile kamati ya sheria na hadhi za wachezaji ya TFF, shirikisho letu la mpira, FIFA wenyewe wanasikiliza mgogoro wenye sura ya kimataifa, mfano mchezaji wa nje anadai klabu ya hapa, ndo maana unaona wageni wanalipwa chapchap maana klabu inaogopa kufungiwa kusajili, mzawa anaambiwa vumilia.

NSSF, ile akiba ya uzeeni, hamna kwenye mkataba. Sheria mchango ni asilimia 20 ya mshahara, mfanyakazi hakatwi zaidi ya 10, nyingine ya mwajiri. Mdogo wangu akasema kwa sauti ya chini kwani nitastaafu lini. Mzee akamjibu, "ukibahatika, miaka 34." Kimya.

Tukaja kwa wakala. Kuna kaka mmoja mjanja mjanja alikuwa amemuahidi kumpeleka mbele, na kijikaratasi chake kinasema asilimia 20 ya kila kitu kwa miaka 5. Kanuni mpya za mawakala za FIFA za 2023 zinataka wakala awe na leseni aliyoipata kwa mtihani, na mkataba wake na mchezaji usizidi miaka 2. Waliweka na ukomo wa kamisheni, asilimia 5 kwa mshahara usiozidi dola laki 2 kwa mwaka, ingawa huo ukomo waliusimamisha mwisho wa 2023 kwa sababu ya kesi za huko Ulaya. Tukampigia kaka palepale, spika wazi, mzee akamuuliza namba ya leseni. Simu ikakata. Salio? Labda.

Kuna kitu nilimbishia mzee. Kipengele cha kuvunja mkataba, klabu ikimwacha inamlipa mshahara wa mwezi 1, yeye akitaka kuondoka alipe milioni 40. Mi nikasema si bora tukope tulipe siku ikifika? Akanikumbusha ya Fei Toto. Mnakumbuka Desemba 2022, Feisal Salum, ndo Fei Toto mwenyewe, aliwaingizia klabu yake ya Yanga milioni 112 kwenye akaunti akaaga, TFF Januari wakasema bado ni mchezaji wa Yanga, mwenzetu akakaa nusu msimu bila kucheza, nchi nzima ikawa inamjadili yeye, mpaka Rais Samia akawaomba Yanga walimalize kwenye ile hafla ya Ikulu, Juni 2023 ndo akatua Azam. Mzee anasema kesi kama ile uipende Yanga au uichukie inafundisha kwamba kuwa na hela mkononi sio sawa na kuwa na haki ya kuondoka, mlango wa kutokea unachongwa siku ya kuingia. Nikashindwa la kubisha. Na alitaja yule Mbelgiji Jean-Marc Bosman aliyeshinda kesi 1995 ndo wachezaji wa Ulaya wakaanza kuondoka bure mkataba ukiisha, wenzake wakawa mamilionea yeye maisha yakampiga. Hapo nusu saa ilikuwa imeshaisha na bado anaongea, mtu anaipenda kazi yake.

Pale kwenye benchi kulikuwa na binti anacheza timu ya wanawake, mjamzito miezi minne, anaogopa kuwaambia viongozi. Mzee akamuita kabla ya zamu yake, na alivyotoka alituambia mwenyewe kwa furaha, sheria yetu ya kazi inampa likizo ya uzazi siku 84 kwa malipo, na FIFA tangu Januari 2021 wanataka angalau wiki 14 kwa kima cha chini cha theluthi 2 za mshahara, na klabu hairuhusiwi kumwacha kwa sababu ya mimba. Hajui kama watamheshimu lakini aliondoka anatembea tofauti na alivyokuja.

Maoni yangu mimi muuza njumu, hela kwenye mpira wetu sio kwamba haipo kabisa, Azam TV wameweka bilioni 225.6 kwa miaka 10 kuonyesha Ligi Kuu tangu 2021. Mi ningekuwa na sauti ningesema klabu isipewe mgao wake wa mwezi huu mpaka ilete ushahidi wa benki kwamba wachezaji wamelipwa mwezi uliopita, na bima ya matibabu ionekane kabla leseni ya mchezaji haijatoka. Na huku madaraja ya chini ambako mgao wenyewe haufiki basi timu isajili wachezaji inaoweza kuwalipa, kama ni 18 wawe 18. Mbona mi belo nisiyoweza kulipia silifungui.

Matokeo: maoni ya mzee yalikuwa kurasa 2, Kiswahili kizuri kabisa, mdogo wangu akayapeleka. Wiki ya kwanza wakanuna, wakasema huyu dogo kafundishwa na nani. Wiki ya pili wakaita. Tarehe imewekwa, tarehe 5 ya kila mwezi. Siku 90 zimefutwa, vipimo vimefanyika kabla ya kusaini, ukiumia mshahara unaendelea na matibabu ni ya klabu. Milioni 40 imeshuka ikawa mishahara ya miezi 3, pande zote mbili sawa. NSSF wamesema tutaangalia, maana yake hamna. Na usajili umeshuka kutoka milioni 8 mpaka 5, ila imeingia yote benki, dogo alinuna siku mbili. Mpaka sasa mishahara mitatu imeingia, mmoja ulichelewa siku 6, siku ya pili tu alishaandika barua. Kaandika mwenyewe, hakuniuliza.

Mkienda: wahini asubuhi, mkataba mpeleke umeprintiwa maana hasomi kwenye simu, na mwende KABLA ya kusaini, ukienda umeshasaini bei inapanda na mzee anakuwa mkali. Jumamosi wanafunga saa 6.

Nyota moja nimeitoa. Kidogo ni kwa yule dada wa mapokezi, lakini hasa ni ngazi, ofisi inayotetea watu wa magoti mabovu ipo ghorofa ya 4 na lifti imeandikwa MBOVU kwa maka peni, mdogo wangu alizipanda anazihesabu, zipo 76, na juu pale akanambia dada hii ndo fizio yangu ya leo.