"Kaka, unacheza na nani?" Uzoefu wangu na mgahawa wa michezo ya mezani hapa Mwanza

Nyota moja. Nimeiweka na sitaki mtu aje kunibembeleza, ingawa najijua, huenda kabla sijamaliza kuandika nikaziongeza mwenyewe.

Jina la mgahawa silitaji. Wanaocheza gemu za mezani hapa mjini wanaujua: uko ghorofani, upande wa ziwa, una rafu ndefu ya maboksi na feni moja inayopiga kelele. Silitaji kwa sababu bado nataka kurudi, na hilo ndilo linaloniudhi kuliko yote.

Ilikuwa Jumamosi, mvua za vuli zikiwa bado hazijakolea. Nilikwenda peke yangu, na kwa makusudi. Watu ninaocheza nao Catan, gemu ya mezani, wana familia na vikao vya harusi za watu wengine. Catan inataka watatu au wanne, wawili hawatoshi, na tangu mtunzi wake Klaus Teuber aitoe mwaka 1995 hakuna aliyevumbua njia ya kumfanya mtu wa Mwanza afike saa nane kama alivyoahidi. Nimechoka kukaa na boksi mapajani nikiambiwa "nipo njiani" na mtu ambaye nasikia bomba la bafuni kwake.

Kwa hiyo nikashusha Wingspan, ile gemu ya kukusanya kadi za ndege na kuwatagisha vijiyai vya kuchezea, ya mama mmoja wa Marekani anayeitwa Elizabeth Hargrave, ya mwaka 2019. Ni ya mchezaji 1 hadi 5. Mmoja! Imeandikwa kwenye boksi, sikujitungia mimi. Ukiwa peke yako unapambana na Automa, yaani kadi chache zinazoshika nafasi ya mpinzani. Unafunua kadi, inakwambia imechukua nini, imetaga mayai mangapi, na mara inamnyakua ndege uliyekuwa unammezea mate tangu asubuhi. Inakera kama binadamu kabisa.

Sasa sikilizeni nilipokuwa nimefika, maana bila hapo hamtaelewa kwa nini naandika usiku huu badala ya kulala. Raundi ya kwanza unapata zamu 8, ya pili 7, ya tatu 6, ya mwisho 5. Zamu zinapungua huku ndege wako wakizidi kuongezeka, ndiyo maana raundi ya nne ni ya kuvuna tu. Safu yangu ya nyikani, ile ya kutagia mayai, ilikuwa imejaa ndege. Kila nikitaga, mayai 4. Nilibakiza zamu 3, na kwa mara ya kwanza tangu nianze kupambana na hiyo Automa kwenye kiwango chake kigumu, nilikuwa naiona shingo yake.

Akaja mhudumu.

"Kaka samahani, unacheza na nani?"

"Nacheza peke yangu, dada."

"Sasa mwenzako anafika saa ngapi?"

"Hakuna mwenzangu. Hii inachezwa hivi hivi."

Akaitazama meza, akanitazama mimi, akairudia meza. Nyuma yake wamesimama vijana wanne. Akasema, bila hata kupunguza sauti, "Hii ni meza ya watu wanne. Wewe si ungekaa tu pale kaunta ukachezea simu?"

Nikameza. Nikaomba dakika kumi. Akasema sawa, akaondoka, nikaamini tumeelewana. Natafuta chakula cha kumlipia ndege wangu wa mwisho, naona mkono wake. Alianza na mayai. Aliyakomba kwa kiganja akayamwaga ndani ya boksi. Kisha kadi: zangu, za Automa, za kuchota, zote akazigonga mezani zikawa fungu moja. Kale kamnara ka kurushia dadu akakabana na kifuniko mpaka nikasikia kadibodi inalia. Muda wote huo anatabasamu na kunipa pole.

Mayai yangu, jamani.

Nendeni kijiwe chochote cha drafti Kirumba, mkute wazee katikati ya mchezo, mmoja keshaingiza kingi, halafu mkaokote vizibo vya soda mseme mnahitaji benchi. Jaribuni. Mwezi mzima mtapita njia ya mzunguko. Na hao wazee hawajalipa kiingilio! Na bao je? Bao ni la watu wawili, kete 64, hakuna ubishi, lakini nimeshaona mzee akilipanga peke yake jioni, akihesabu na kurudisha, anatafuta mtaji, yaani nafasi ya kula kete, alioukosa mchana. Hakuna aliyemuuliza anacheza na nani. Watu walipita pembeni, wakasalimia kwa sauti ya chini.

Sababu ya kunitoa ninaijua, mimi si mtoto. Pale wanatoza kwa kichwa, 3,000 kwa saa. Kichwa kimoja kimekalia meza inayoweza kuingiza 12,000. Sawa, ni biashara, na kodi ya jengo la kutazamana na ziwa haiwezi kuwa ndogo. Basi andikeni mlangoni kwamba Jumamosi mtu mmoja haruhusiwi. Nitasoma, nitageuza, nitakwenda kula sato zangu Mwaloni. Lakini kunipokea, kunitoza, kuniuzia chai ya maziwa ya bei ya ajabu, halafu kunivuna katikati ya raundi ya nne? Hapana.

Hapa ndipo nyota zinapoanza kuyumba. Nimeshasimama, begi begani, nimepanga sentensi ya kumwambia meneja. Mmoja wa wale vijana, mwembamba, amevaa jezi, akaniuliza, "Bro, ulikuwa unaongoza?"

Ndani ya jengo lile zima, yeye ndiye wa kwanza kuuliza swali la maana. Nikamwambia nilikuwa naongoza. Akasema, "Basi kaa utufundishe." Wakavuta kiti cha tano. Tulikuwa watano, na gemu ni ya hadi watu 5, kwa hiyo boksi lililofungwa kwa nguvu dakika chache zilizopita likafunguliwa tena palepale. Mhudumu akapita akatuona. Hakusema kitu. Na mimi sikusema, ingawa nilimtazama.

Dadu za chakula zinatakiwa 5, tukazikuta 4. Ya tano kijana wa jezi aliitoa chini ya friji ya soda, ina vumbi na unyoya. Mayai mengine sidhani kama yaliwahi kurudi.

Niseme ukweli, usiku ule ulikuwa mtamu. Kufundisha wanne ambao hawajawahi kushika gemu nzito kuliko ludo kunachosha, na mmoja alishika kadi na vidole vya chipsi mayai mpaka nikampa leso yangu, lakini raundi ya pili walikuwa wameshaanza kuchunguliana na kutukanana kwa upendo. Ndege wa kwenye kadi ni wa Amerika Kaskazini, hatukuwajua hata nusu yao. Tukakutana na mnandi wa kwao, mwenye vishungi viwili. Unamlipa samaki 1, anakubali ufiche kadi 2 chini yake, na kila iliyofichwa ni pointi. Kijana mwenye asili ya Ukerewe akacheka mpaka akakohoa. Akasema huyo wanamfahamu vizuri, nyavuni kwao anakula samaki na hafichi chochote. Tangu hapo alikusanya samaki tu, hakutaka mbegu wala wadudu, na akatushinda wote. Mimi nikawa wa tatu. Wa tatu! Baada ya kuwafundisha!

Kwa hiyo zikawa nyota nne. Wallahi nilikuwa nimeshaziweka moyoni. Gemu za watu wengi zina hicho ambacho Automa hainipi hata nikiifunga mara mia: mtu wa kukulaani anapoibiwa ndege. Nilikuwa hata nimeanza kumsamehe mhudumu. Kasimama kwa miguu tangu mchana, kuna joto, bosi anamwangalia kwa kamera, pengine hajawahi kuona mtu mzima akiongea na kadi.

Kisha ikaja bili.

Nimetozwa mara mbili. Mara ya kwanza kwa saa nilizocheza peke yangu, na ile saa iliyovunjwa katikati wameihesabu nzima. Mara ya pili kama "mteja mpya" kwenye meza ya watu watano. Meza ileile. Kiti kilekile! Nikauliza kaunta kwa heshima zote. Kijana wa kaunta akageuza kioo cha kompyuta nikione, akasema, "Mfumo ndivyo unavyosoma, kaka." Nikamwambia mfumo haukuwa pale mayai yangu yalipokombwa. Akasema anaelewa, ila mfumo. Meneja? Ametoka kidogo. Anarudi lini? Hapo mfumo haukusema.

Nikalipa, maana wale vijana walikuwa wananisubiri ngazini tubadilishane namba, na sikutaka wanione nagombania saa moja. Nikashuka. Mlinzi akaniaga kwa Kisukuma, kwa adabu, kama alivyonipokea. Yule ndiye mfanyakazi pekee wa pale ambaye ningempa nyota tano bila kufikiri.

Basi iwe nyota mbili. Au tatu kama mnakwenda kundi, maana rafu yao haina mpinzani hapa kanda ya ziwa kwa ninavyojua, na kuagiza boksi moja kutoka nje, ukijumlisha usafiri na ushuru, unaweza kujikuta umelipa zaidi ya bei ya gemu lenyewe. Kwa anayekwenda peke yake: moja. Nendeni siku za kazi mchana, kukiwa hakuna watu. Ombeni risiti mnapoingia na si mnapotoka. Wingspan msiishushe Jumamosi hata mkibembelezwa. Chukueni Friday ya Friedemann Friese, iko rafu ya chini kabisa, ni ya mtu mmoja tu na haina nafasi ya wa pili hata mtu akilazimisha. Ni kadi na vikete tu, inaenea kwenye ile meza ndogo ya karibu na jiko ambayo hakuna kundi litakalokuja kuidai. Ila harufu ya samaki wa kukaanga itabaki kwenye shati mpaka Jumatatu.