Tumbili Jikoni, Chui Uani: Uwazuie Mwenyewe au Uwaite KWS?

Mkaazi wa Lang'ata, mtaa unaopakana na Mbuga ya Kitaifa ya Nairobi iliyoanzishwa mwaka 1946, ana njia mbili anapotembelewa na wanyamapori: kuwazuia mwenyewe au kulipigia simu Shirika la Huduma kwa Wanyamapori Kenya, yaani KWS.

Kwa tumbili na kima, naipendelea njia ya kwanza, kwa kuwa wanachokifuata ni chakula. Pipa la taka lenye kifuniko kinachokaza, madirisha yenye wavu na jirani asiyewarushia ndizi (huyu ndiye mgumu kumpata) huwapunguza kwa gharama ndogo, ilhali kundi likihamishwa na taka zikabaki wazi, jingine huweza kuchukua nafasi yake. Hata hivyo, kuwazuia mwenyewe hakumaanishi kuwategea sumu, kwani chini ya Sheria ya Uhifadhi na Usimamizi wa Wanyamapori ya mwaka 2013 kumwua mnyamapori bila kibali ni kosa.

Chui au simba ni jambo jingine kabisa. KWS ndio wenye madaktari wa wanyama na bunduki za dawa ya usingizi. Kazi ya mkaazi ni kuwaingiza watoto na mbwa ndani, kufunga milango na kuwazuia majirani wasimzingire mnyama wakipiga picha.