Simu janja zenye batani za herufi: ipi ununue, ipi uiache

Anayeandika sana kwa simu anaijua shida ya kioo: kidole hakihisi kimetua wapi, na Kiswahili chake kinageuzwa maneno ya ajabu kabla hajatuma. Ndiyo maana hapa Dodoma bado wapo wanaoulizia BlackBerry na Nokia za batani, ingawa viwanda viliacha kuzitengeneza zamani. Nazipenda mno simu hizi. Lakini ukiwa na hela mkononi, angalia kwanza mfumo unaoiendesha simu, kama Android, batani baadaye. Batani tamu juu ya mfumo uliokufa hazitakupelekea hata ujumbe mmoja wa WhatsApp.

1. BlackBerry KEY2 (2018). Hii ndiyo ya kutafuta. Ina Android 8.1, RAM ya GB 6 na betri ya mAh 3500. Batani zake ni pana, zina mbonyeo unaousikia kidoleni, na ukipitisha kidole juu yake ukurasa unapanda au kushuka bila kugusa kioo. Alama ya kidole inasomwa kwenye batani ya nafasi. Kila herufi unaweza kuipa kazi mbili, ya kubonyeza mara moja na ya kushikilia: mimi ningeweka M kwa meseji na K kwa kamera. Karani anayeandika muhtasari wa kikao akiwa kwenye basi la Mtumba atanielewa. Kasoro yake ni kwamba haipati tena masasisho ya usalama, hivyo programu ya benki iweke kwenye simu nyingine. M-Pesa kwa *150*00# haihitaji programu yoyote. Ukikutana na KEY2 LE, kumbuka kwamba batani zake hazipokei mpito wa kidole.

2. Unihertz Titan Pocket (2021). Android 11, mpya kuliko zote hapa, na betri ya mAh 4000. Kwa mfumo ingeshika namba moja. Nimeishusha kwa sababu kioo chake ni cha inchi 3.1 tu na batani zimebanana. Mwenye vidole vinene atateseka. Dukani ni adimu, jiandae kuagiza.

3. Nokia E72 (2009) au E63 (2008). WhatsApp sahau, kwenye simu za mfumo wake, Symbian, ilikoma mwaka 2017. Lakini kwa kupiga, meseji na kutuma pesa, bado ni simu ya kazi. Betri ya BP-4L unaichomoa mwenyewe, na umeme ukikatika unashikilia batani ya nafasi, tochi inawaka. Kwa mzazi aliyeko Kongwa au Bahi anayependa kuandika meseji ndefu, ningechukua hii bila kusita.

4. BlackBerry KEYone (2017). Ndugu mkubwa wa KEY2, mwenye nguvu ndogo. Za mwanzo kioo kilikuwa kinabanduka, basi kikague pembeni kote.

BlackBerry Priv, ambayo kibodi yake hutelezeshwa kutoka chini ya kioo, ningeiacha: mfumo wake uliishia Android 6, na vumbi letu la kiangazi halina huruma na reli zile.

Zimebaki zinazouma moyo: Bold 9900, Q10, Classic na Passport. Kwa kuandika, Bold 9900 sijaona inayoishinda hadi leo. Ila tarehe 4 Januari 2022 BlackBerry ilizima huduma za mifumo ya zamani inayoendesha simu hizi, ikaonya kwamba hata kupiga simu na kutuma meseji kusitegemewe. Nunua kama kumbukumbu, kwa bei ya kumbukumbu. Muuzaji akikuambia "inapiga kazi zote", mwambie aiwashe, aweke laini, afungue intaneti mbele yako.

Dukani, iwe Majengo au Sabasaba, usiridhike kwa kuona kioo kinawaka. Andika Chamwino, Mpwapwa, Kondoa, kisha bonyeza herufi zote zilizobaki pamoja na tarakimu. Batani moja iliyokufa ikuondoe hapo, maana kibodi ya kubadilisha ni ngumu kupata kwa mafundi wetu. Weka laini yako mwenyewe uone kama 4G inashika, kwa sababu KEY2 zilizotengenezewa Marekani hazina masafa sawa na za Ulaya. Mwisho bonyeza *#06#, tuma namba ya IMEI (utambulisho wa simu) itakayotokea kwenda 15090, na jina litakalorudi lifanane na simu uliyoshika. Lisipofanana, mrudishie simu yake.