Hilux yangu ilikuwa inalia nyuma: uzoefu wangu na fundi wa difu, Kizota Dodoma

Kumlipa fundi elfu thelathini akutafutie kelele tu, bila kufunga spea yoyote, wengi wetu hapa Dodoma tunaona ni kuibiwa. Tumezoea kulipia kifaa na kazi ya kukifunga. Kusikiliza ni bure, tena kila mtu anasikiliza, hadi mlinzi wa gereji. Mimi nimelipa, na mwenye pikapu inayolia nataka ajue hela hiyo ilinunua nini.

Gari ni Toyota Hilux dabo kebini, dizeli, manyo ya gia tano, inavuta magurudumu yote manne. Inabeba mpunga kutoka Bahi, na msimu wa zabibu inashinda Mpunguzi na Hombolo. Mlio ulikuwa mwembamba, unaanza ukigusa kilomita 60 kwa saa na kupanda jinsi mwendo unavyopanda. Kwenye 80 abiria wa kiti cha nyuma hawezi kupokea simu.

Gereji ya kwanza walizungusha tairi kwa mkono wakasema beringi za magurudumu. Nikanunua za nyuma kulia na kushoto, zikafungwa, mlio ukabaki vilevile. Gereji ya pili wakasema giaboksi, ishushwe. Kote huko hakuna aliyeliendesha gari kufika mwendo ambao mlio unatokea! Walilisikiliza uani.

Huyu wa Kizota nilielekezwa na dereva wa Fuso. Ana banda la mabati tu, hana hata kibao. Nilipofika hakuchukua jeki, alianza na maswali: mlio unaanza kwenye mwendo gani, unakuja ukikanyaga mafuta au ukiachia, chini ya gari pamewahi kuguswa nini, oili ya difu (lile bonge la gia katikati ya ekseli linalopeleka nguvu kwenye magurudumu) ni ipi na ilimwagwa lini. Halafu akasema, "Bosi, lete funguo, twende barabarani."

Tukashika barabara ya Singida kuelekea Nala, na hapo ndipo hela yangu ilipofanya kazi. Kwanza, kabla hatujaondoka, alipandisha mizunguko ya injini gari likiwa limesimama. Kimya. Kwa hiyo si tabo, si beringi ya altaneta, si pampu ya stelingi. Kwenye 80 akakanyaga klachi, akatoa gia, akaacha gari lijiendee. Injini ikashuka hadi sailensa, mzunguko wa chini kabisa, lakini mlio ukaendelea, ukawa unashuka pamoja na mwendo wa magurudumu. Akasema, "Chochote kinacholia kinazungushwa na magurudumu, hakizungushwi na injini."

Akaanza kuliyumbisha gari polepole kushoto na kulia, barabara ikiwa nyeupe. Beringi ya gurudumu ikichoka, kelele yake inabadilika uzito wa gari unapoielemea au kuiachia. Yetu haikubadilika. (Hapo nikazikumbuka beringi zangu mpya, nikanyamaza.) Akateremsha magurudumu ya kushoto kwenye changarawe ya pembeni: kelele ya tairi inabadilika ukibadilisha uso wa barabara, hii haikujali.

Jaribio lililonifurahisha zaidi ni la giaboksi, kwa sababu nilikuwa nimeshaanza kutafuta hela ya kuishusha. Kwenye giaboksi ya gia tano ya aina hii, gia ya nne inapitisha nguvu moja kwa moja. Mzigo haupiti kwenye meno ya shafti ya chini. Kama ni giaboksi inayolia, kwenye nne ingenyamaza au ingepungua sana. Akaenda kwa gia ya tatu, akaweka ya nne, akaweka ya tano, mwendo uleule. Mlio haukutofautiana. Ila mguu ulipotoka kwenye mafuta na gari likaanza kuvutwa na injini, sauti ilibadilika ikawa nzito, ya kukwaruza. Akanitazama. "Pinioni." Ni ile gia ndogo ndani ya difu inayozungusha gia kubwa, krauni.

Tuliporudi ndipo akalipandisha juu ya stendi. Aliweka bisibisi ndefu kwenye nyumba ya difu, mpini kwenye sikio, huku kijana wake akizungusha magurudumu kwa gia, kisha akahamia kwenye transifa, inayogawa nguvu mbele na nyuma, na senta beringi ya propela, shafti ndefu inayopeleka nguvu kwenye difu. Akanipa na mimi nisikilize. Hata asiye fundi angeisikia tofauti. Baadaye alifungua propela, akashika flenji ya pinioni na kuitikisa juu na chini: ikacheza. Haitakiwi kucheza hata kidogo.

Oili nayo ilisema yake. Alifungua kwanza nati ya kujazia kabla ya ile ya kumwagia, maana ukimwaga halafu ya juu ikagoma kufunguka umebaki na gari lisilo na oili. Kwa sababu ya mabwawa ya Bahi nilitarajia itoke na rangi ya chai ya maziwa, dalili ya maji kuingia. Haikuwa hivyo, ingawa kipumulio cha ekseli kilikuwa kimeziba kwa udongo. Ekseli ya moto ikizama kwenye maji baridi huku kipumulio kimeziba, huvuta maji kupitia sili, hivyo alikisafisha. Kwenye sumaku ya nati ya chini kulikuwa na vipande vinavyometa. Uji mwembamba wa kijivu ni kawaida. Vipande vya kushikika kwa kucha si kawaida.

Chanzo kilipatikana kwenye lile swali lake la nani aliwahi kugusa chini. Mwaka uliopita sili ya pinioni ilivuja, ikabadilishwa kwenye gereji moja njiani, na nati ikakazwa kwa spana iliyochomekwa bomba. Kati ya beringi mbili za pinioni kuna spesa laini ya chuma inayobonyea nati inapokazwa, na ndiyo inayozipa beringi mkazo wake. Ikibonyezwa kupita kiasi hairudi. Ukilegeza nati umeharibu zaidi. Dawa ni spesa mpya. Beringi zangu zimetembea mwaka mzima zikiwa zimebanwa, zikachemka, zikalika.

Kuna muuzaji wa Dar alikuwa ananipigia kunishawishi nichukue difu nzima ya mtumba, kazi ya nusu siku. Fundi akasema muulize meno. Yangu ni 41 kwenye krauni na 10 kwenye pinioni, yaani 4.1, ile ilikuwa 43 kwa 10. Kwa nje huwezi kuzitofautisha. Kwenye gari la kuvuta mbele na nyuma, ukitia mbili zisizolingana, siku utakapoweka mvuto wa magurudumu yote kwenye ardhi ngumu, mbele na nyuma vitagombana na transifa ndiyo itakayolipa.

Basi tukanunua beringi, sili na spesa. Kufunga kulichukua muda kuliko alivyoahidi, na hili ni lalamiko langu la kwanza: akisema kesho, weka na keshokutwa. Lakini kazi ilikuwa safi. Alishusha turubai kuzuia vumbi, na kwa upepo wa Dodoma wa Agosti hilo si jambo dogo. Alipaka rangi kwenye meno ya krauni, akazungusha, akaangalia alama inakaa katikati au pembeni, akavua, akabadilisha shimu (pete nyembamba za kurekebisha nafasi), akapaka tena. Nafasi kati ya meno aliipima kwa geji ya mshale, anataka iwe kati ya milimita 0.13 na 0.18. Oili akatia ya 85W-90 yenye alama ya GL-5.

Malalamiko mengine: hana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, kwa hiyo mwenye gari la kampuni atapata shida. Spea hauzi, unatafuta mwenyewe, akikataa ulicholeta unarudi dukani. Na haongei kwenye simu. Ukitaka kujua kazi imefikia wapi, nenda.

Mlio mkubwa umekwisha. Kwenye 90, ukiachia mafuta, kuna kauvumi kadogo kamebaki, na alinitahadharisha kabla ya kufunga: meno yameshatembea vibaya mwaka mzima, kunyamaza kabisa kunahitaji krauni na pinioni mpya za pamoja, ambazo kwa gari langu hazina haraka. Oili ya kwanza imeshamwagwa kama alivyoagiza, sumaku ilikuwa na uji wa kijivu tu. Kazi ya kufunga alinitoza laki moja na nusu, na ile elfu thelathini ya kusikiliza akaikata humo bila mimi kuomba.