Kizingiti cha dirisha kimechakaa: ukarabati, graniti, mbao, vigae, PVC au MDF?

Kizingiti cha ndani cha dirisha huharibiwa na maji na jua. Mikwaruzo ya vyungu vya maua ni jambo dogo. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya kitu chochote, tafuta kwanza maji yanatoka wapi. Ukuta ukiendelea kuvuja, graniti haitaoza, lakini plasta iliyo chini yake itazidi kubanduka. Na MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa kwa gundi) ikiwekwa hapo hapo itavimba mapema sana.

Chukua kipande cha nailoni angavu chenye ukubwa wa kiganja, kibandike kwenye plasta chini kidogo ya kizingiti, uzibe pande zote nne kwa mkanda. Kiache saa 24 hadi 48. Matone yakijitokeza upande wa ndani wa nailoni, unyevu unatoka ukutani. Yakiwa upande wa nje, ni mvuke wa chumbani unaogeuka maji unapokutana na kioo au ukuta baridi. Hali ya kwanza humalizwa nje ya nyumba: nyufa kati ya fremu na ukuta, au kizingiti cha nje kilichojengwa kikiinamia ndani. Hali ya pili hutaka chumba kipate hewa, na kizingiti kiwe na uso usionywa maji.

Kama kizingiti ni cha mbao, chukua bisibisi bapa ukidunge pembeni na kwenye mstari kinapogusana na fremu, maana huko ndiko kuoza huanzia. Kisha chokoa kidogo. Mbao nzima hunyanyuka kwa kibanzi kirefu chenye nyuzi. Iliyooza hukatika vipande vifupi, na bisibisi huzama bila kusukumwa sana. Jibu la bisibisi ndilo linaloamua ununue nini.

Tumepanga machaguo kwa kuangalia mambo matatu: kinastahimili maji kiasi gani, kinatengenezeka kikiumia, na kazi yake inamtaka fundi wa namna gani.

1. Kukarabati ubao uliopo

Kama mbao ni nzima, au kuoza kumekula sehemu ndogo tu, usinunue kizingiti kipya. Vifaa vyote vya kazi hii hujaa ndani ya ndoo moja: skrepa, msasa namba 80, 120 na 240, filla ya mbao (ya kuzibia mashimo), praima (rangi ya msingi), rangi na brashi ya inchi mbili.

Rangi ni kidogo kuliko watu wanavyodhani. Kizingiti cha mita 1.2 kwa sentimita 20 kina eneo la mita za mraba 0.24. Vizingiti vitano ni mita za mraba 1.2, na mikono miwili ya rangi (yaani kupaka mara mbili) inafanya 2.4. Lita moja kwa kawaida hufunika mita za mraba 10 hadi 12 kwa mkono mmoja, kwa hiyo kopo la nusu lita linatosha na kubaki. Akiba hiyo iweke kwenye ubora: nunua rangi ya milango na madirisha, ile inayokauka ngumu. Rangi ya ukutani haifai hapa, itachubuka kwa kufutwa futwa.

Kwangua kila kinachobanduka, toa mbao iliyooza kwa patasi hadi ufike penye uzima, kisha acha pakauke kabisa. Shimo lisilozidi milimita 5 linazibwa na filla ya kawaida kwa tabaka nyembamba. Shimo kubwa linataka filla ya epoksi ya kuchanganya sehemu mbili, kwa sababu ile ya kawaida ikiwekwa nene hunywea na kupasuka katikati. Piga msasa 80 kusawazisha, 120 kulainisha, futa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo, paka praima, pitisha 240 kwa mkono mwepesi, halafu mikono miwili ya rangi.

Tahadhari moja si ya kupuuzwa. Rangi za zamani huenda zina risasi, ile metali yenye sumu. Marekani ilipiga marufuku rangi za namna hiyo majumbani mwaka 1978, na kuna nchi zilizochelewa zaidi. Ukiwa na shaka, usipige msasa mkavu. Lowesha uso, tumia msasa wa maji, vaa barakoa ya kuzuia vumbi laini, tandika nailoni sakafuni na watoto wasiingie chumbani mpaka usafi uishe.

Kinachoharibu kazi hii mara nyingi ni haraka. Rangi ya maji huguswa baada ya saa chache, lakini hukomaa kwa wiki kadhaa. Ukirudisha vyungu siku ya pili, vitagandamana na rangi na kuondoka nayo kwa duara. Kingine ni mabaki ya silikoni: hata alama yake tu hufanya rangi ijitenge na kuacha vijicho. Yakwangue yote, kisha sugua hapo kwa kitambaa chenye spiriti kabla ya praima.

Anayetaka mbao ionekane atumie vanishi yenye kinga ya jua. Kioo hakizuii mionzi yote ya urujuanimno, na inayopita huvunja uso wa mbao chini ya vanishi ya kawaida mpaka vanishi ianze kuinuka kama magamba.

2. Graniti

Hii ndiyo nafasi ya kwanza kwa jikoni, bafuni na kila dirisha linalotoa maji, pale ambapo ubao wa zamani hauokoleki. Unene wa milimita 20 unatosha. Bamba la mita 1.5 kwa sentimita 25 lenye unene huo lina uzito wa kilo 20 hivi, kwa hiyo upakiaji ni wa watu wawili, na libebwe likiwa limesimama kwa ubavu wake. Likibebwa bapa huweza kuvunjika kwa uzito wake lenyewe.

Unapoagiza, taja waziwazi kwamba ukingo wa mbele na pembe zinazoonekana zing'arishwe, na ncha kali ivunjwe milimita 2. Muuzaji asipoambiwa atakupa ukingo uliokatwa tu. Omba kipande cha sampuli, weka tone la maji juu yake na usubiri dakika 10. Likiacha doa jeusi, jiwe linakunywa maji na linahitaji kupakwa dawa ya kuziba vinyweleo.

Bamba lilalie gundi au saruji iliyotandazwa uso mzima. Ukilikalisha juu ya madonge manne, panapobaki wazi ndipo litakapopasuka mtu akilikalia. Jiwe la rangi nyepesi liwekwe kwa gundi nyeupe, kwani ya kijivu hupenyeza rangi hadi juu.

Marumaru ya jiwe halisi ni nzuri kwa macho, ila ni kalsiamu kaboneti: ndimu, siki na dawa kali za kusafishia huchoma mng'ao wake. Sebuleni sawa. Jikoni hapana.

3. Mbao ngumu mpya

Sebuleni na chumbani hakuna kinachoizidi, kwa sababu inakaa vizuri mkononi na miaka kumi baadaye bado unaweza kuipiga randa ikawa mpya. Chagua msaji, mvule au mbao ngumu nyingine iliyokauka vizuri, unene wa milimita 25. Muuzaji akiwa na kipima unyevu, mwambie apime mbele yako. Kwa matumizi ya ndani unataka asilimia 12 au karibu na hapo, na ikizidi 15 iache. Kwa kina kinachozidi sentimita 20, vipande viwili vilivyounganishwa kwa gundi hutulia kuliko ubao mmoja mpana.

Paka pande zote sita kabla ya kuufunga, hasa chini na kwenye ncha. Mafundi wengi hupaka juu tu. Upande wa chini hunywa unyevu wa ukuta, wa juu haunywi, na ubao unapinda hata kama ulinyooka kama uzi siku ya kwanza.

4. Vigae

Chaguo zuri la bafuni kwa mwenye fundi mzuri wa vigae. Nunua poseleni, ambayo hunywa maji yasiyozidi asilimia 0.5 ya uzito wake. Vigae vya kawaida vya ukutani huzidi asilimia 10 na ukingo wao huvunjika kirahisi. Ukingo wa mbele ufungwe kwa ukanda wa alumini au poseleni ikatwe nyuzi 45. Udhaifu wake ni grauti, ile saruji ya kujaza viungo kati ya vigae: hushika uchafu na ukungu, kwa hiyo tumia vigae vikubwa ili viungo viwe vichache.

5. Vifuniko vya PVC

Hivi ni vya plastiki ngumu, huvishwa juu ya kizingiti cha zamani bila kubomoa, na kazi ya dirisha moja huisha ndani ya saa mbili. Haviozi wala havihitaji rangi. Lakini kifuniko cha milimita 9 hupandisha uso kwa kiasi hicho hicho. Fungua dirisha uone kama litapita, na hakikisha hutaziba matundu ya kutolea maji yaliyo chini ya fremu.

PVC hutanuka kwa joto, takribani milimita 0.07 kwa mita kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Kifuniko cha mita 2 kikipata tofauti ya nyuzi 30 kinarefuka kwa milimita 4. Acha mwanya wa milimita 3 kila upande, la sivyo kitavimba katikati. Nyeupe ndiyo salama penye jua. Rangi nyeusi hupata joto zaidi. Na kamwe usikivishe juu ya mbao mbovu, utakuwa umefungia unyevu ndani.

6. MDF

Ni laini, imenyooka na inapakika vizuri, lakini ukingo wake hunywa maji, ukishavimba haurudi. Inafaa chumba kikavu pekee, na iwe ile ya kustahimili unyevu. Paka ukingo praima mara mbili kabla ya rangi.

Vipimo na ufungaji

Pima upana sehemu tatu na kina sehemu tatu, agiza kwa kipimo kikubwa kisha punguza. Kuta mbili za dirisha ni nadra kuwa sambamba. Ukate kwanza mfano wa kadibodi. Kizingiti kitokeze mbele ya ukuta sentimita 2.5 hadi 4, na masikio ya pembeni, yaani sehemu zinazopita pande za dirisha, sentimita 4 hadi 5. Kiinamishe kuelekea chumbani milimita 1 au 2, maji yasisimame dhidi ya fremu.

Ukitumia povu la poliyurethani chini yake, weka uzito juu hadi povu likauke. Povu huendelea kutanuka na lina nguvu ya kuinua ubao. Kiungo cha fremu kizibwe kwa silikoni isiyo na harufu ya siki, hasa kwenye marumaru na saruji, kwa sababu asidi ya ile nyingine hushambulia vyote viwili. Kiungo cha ukutani kizibwe kwa dawa ya kuziba ya akriliki, kwani silikoni haishiki rangi.