Uchambuzi: Bakteria wa Kupaka Mbegu za Soya na Maharagwe Kabla ya Mvua za Machi

Watazamaji wangu, hamjambo. Mkononi nina pakiti ya Biofix ya soya, na hapa mezani ipo nyingine ya jina hilo hilo, ila ni ya maharagwe. Nimezinunua wiki hii kwa kuwa mvua za Machi zimekaribia, na wengi wenu mmeniuliza kama bidhaa hii inastahili fedha zenu.

Nikifungua pakiti, ndani mna unga mweusi wenye unyevunyevu, unaofanana na majani ya chai yaliyokwisha kuchujwa. Unga wenyewe, unaotokana na masalio ya kiwanda cha sukari, ni makao tu. Unacholipia ni bakteria waitwao rizobia, ambao huingia kwenye mizizi ya mazao ya jamii ya kunde, wakatengenezewa vinundu, na humo wakageuza nitrojeni ya hewani kuwa chakula cha mmea. Utaalamu wake ulitoka Chuo Kikuu cha Nairobi, na leo bidhaa hutengenezwa na kampuni ya MEA.

Tuanze na soya, kwa sababu hapo sina mashaka. Soya ni mgeni kutoka Asia, na bakteria wanaopatana nayo vizuri hawamo katika mashamba mengi ya kwetu, hasa pale ambapo haijawahi kupandwa. Pakiti hii ina aina iitwayo USDA 110, inayotumika katika nchi nyingi, na kwa shamba jipya la soya mimi ningeinunua hata kabla ya kufikiria mbolea. Mtu wa Bungoma au Busia anayepanda aina ya soya iitwayo SB 19 anaweza kuniambia kwamba mbegu yake hutoa vinundu hata bila kupakwa, na ni kweli, kwani mbegu hiyo ilitokana na kazi ya IITA, taasisi ya kimataifa ya utafiti wa kilimo cha tropiki, ya kuzalisha soya inayokubali bakteria wa udongo wa Afrika. Hata hivyo, kukubali bakteria wowote si sawa na kupata walio hodari.

Maharagwe yana habari nyingine. Udongo wetu umejaa bakteria wa maharagwe, wengine wavivu, na hao wenyeji huwashinda wageni wa pakiti katika kuigombea mizizi, kwa hiyo matokeo hutofautiana mno kati ya shamba na shamba. Nunua pakiti ndogo, ujaribu. Kwa kunde na njugu katika shamba lililozoea mazao hayo, fedha hiyo nunulia mbegu bora.

Sasa jambo linaloharibu bidhaa nzuri: hawa ni viumbe hai, na jua huwaua. Msimu mmoja nilinunua pakiti katika duka la agroveti ambalo silitaji, nikaikuta rafuni palipokuwa pakipigwa na jua la alasiri. Tarehe ya mwisho ilikuwa bado, nami nikajipa moyo, nikapaka mbegu na kupanda. Wiki ya saba niling'oa mashina kumi kwa jembe, polepole, nikaosha mizizi katika ndoo, na shina lenye vinundu vingi kuliko yote lilikuwa na vitatu tu. Tangu siku hiyo namwuliza muuzaji anaihifadhi wapi pakiti, na akinijibu kwa kunionyesha dirisha, naondoka. Soma pia jina la zao, maana pakiti ya maharagwe haitaisaidia soya hata kidogo.

Kupaka ni kazi ya dakika chache. Nakoroga gundi inayokuja na pakiti katika maji ya uvuguvugu, nalowesha mbegu kidogo tu zing'ae bila kuvimba, kisha natia unga, mimi hutumia takribani gramu 10 kwa kilo moja ya mbegu, na kugeuzageuza kivulini mpaka kila punje iwe nyeusi. Hupandwa siku hiyo hiyo na kufukiwa mara moja. Mbegu iliyokwisha kupakwa dawa ya ukungu haifai kwa kazi hii, kwani dawa nyingi za aina hiyo huwadhuru bakteria.

Wengi wetu hupanda kwa mbolea ya DAP, na hapa kuna kasoro: DAP ina nitrojeni asilimia 18, na mmea uliokwisha kushiba nitrojeni hauna haja ya kuhangaika na vinundu. Unachohitaji ni fosforasi, kwa mbolea ya TSP au ya Sympal, ambayo imetengenezwa bila nitrojeni. Mbolea yoyote utakayoitumia, itenganishe na mbegu kwa udongo kidogo. Udongo wenye tindikali kali utiwe chokaa kwanza, la sivyo pakiti itabebeshwa lawama isiyo yake.

Kipimo cha mwisho ni cha shambani kwako. Acha mistari mitatu bila kupakwa, na uipande hiyo kwanza, kabla mikono haijashika unga, halafu weka kigingi. Mimea ikianza kutoa maua, ng'oa michache pande zote mbili na upasue kinundu kwa ukucha: kikiwa chekundu kama nyama mbichi, kinafanya kazi, kikiwa cheupe bado hakijafanya lolote, na cha kijani kimekwisha. Mkipata picha za mizizi yenu, nitumieni pamoja na jina la zao na aina ya mbegu, nami nitazionyesha hapa mwezi wa Mei.